Frascati kwa siku moja: maswali ninayoulizwa na wageni wangu

Naishi Roma, na kila mwaka napokea ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki kutoka Dar, Nairobi na Mombasa. Siku mbili za mwanzo ni za Colosseo na Vatikani, hilo halina mjadala. Siku ya tatu miguu imevimba, foleni zimewachosha, ndipo ninapowapandisha treni ya Frascati. Maswali yao kabla ya safari ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili hata anayekuja bila mwenyeji aufaidi mji huu.

Frascati ni wapi hasa?

Ni mji mdogo ulio kilomita kama 20 kusini-mashariki mwa Roma, kwenye vilima vya Albano ambavyo ni mabaki ya volkano ya kale. Miji iliyotapakaa juu ya vilima hivyo inazidi kumi, na kwa pamoja huitwa Castelli Romani, yaani ngome za Kirumi. Frascati uko karibu mita 320 juu ya usawa wa bahari na una wakazi zaidi ya 20,000. Wengi wao hushuka Roma kazini asubuhi na kupanda jioni, kama watu wa Kibaha wanavyoingia Dar au wa Kikuyu wanavyoingia Nairobi. Jumapili msafara unageuka: Waroma ndio wanaopanda, na wanapanda kuja kula.

Kwa nini niende huko na Roma yenyewe sijaimaliza?

Roma haiishi. Mimi mwenyewe nimekaa miaka na bado kuna mitaa siijui. Ila Roma mgeni anaitazama akiwa amesimama kwenye foleni. Frascati anapewa benchi, anakaa, na jirani wa meza asiyemjua anamsogezea jagi la maji. Wageni wangu wakirudi nyumbani na kunipigia simu, wanachokitaja kwanza mara nyingi ni ile meza ya mbao, si Colosseo.

Nafikaje?

Kwa treni, kutoka kituo kikuu cha Termini. Safari ni kama nusu saa na tiketi ni karibu euro 2. Fika mapema, soma ubao, uanze kutembea, maana Termini ni kubwa na jukwaa la treni hizi ndogo linaweza kuwa mbali na mlango ulioingilia. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha jukwaani kabla ya kupanda. Mgeni wangu mmoja alisahau, na faini aliyotozwa ingetulipia sote chakula cha mchana.

Ukishaondoka Roma, tazama nje: utaona matao marefu ya mifereji ya kale iliyokuwa ikipeleka maji mjini. Reli yenyewe nayo ina historia. Ilifunguliwa mwaka 1856, enzi za Papa Pius IX, wakati Roma bado ni dola ya Papa, na ndiyo ilikuwa reli ya kwanza ya dola hiyo. Frascati ni mwisho wa reli, kwa hiyo hata ukisinzia hupitilizi.

Mabasi yapo pia, kutoka Anagnina, mwisho wa metro ya mstari A. Mimi huyatumia siku za mgomo wa treni tu. Mgomo huitwa sciopero na hutangazwa mapema, basi ukiliona neno hilo kwenye bango la kituo, badilisha siku.

Nikishuka kituoni naelekea wapi?

Juu. Kituo kiko chini ya mji, na ngazi zinapita katikati ya bustani hadi Piazza Marconi. Mwenye magoti mabovu apande taratibu na apumzike njiani. Ukifika juu, usiende mbele kwanza. Geuka nyuma. Roma yote imelala chini yako, na siku isiyo na ukungu unaliona kuba la Mtakatifu Petro la Vatikani. Mama yangu alipofika hapo alijifunga kanga vizuri kiunoni, akaweka kiganja juu ya macho, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mji wote huo ndio ulionitembeza jana?" Nikamwambia ni robo yake tu. Akatafuta benchi.

Lile jumba kubwa linaloutazama mji ni la nani? Linaingilika?

Ni Villa Aldobrandini. Kadinali Pietro Aldobrandini, mtoto wa ndugu yake Papa Clement VIII, ndiye aliyelipata jumba hilo, na ujenzi wa jumba tunaloliona ulianza mwaka 1598 kwa mchoro wa Giacomo della Porta. Carlo Maderno ndiye aliyeumalizia. Wakati huo Mapapa na makadinali walikuwa wakikimbilia vilima hivi kila kiangazi, na kila familia yenye uwezo ilitaka jumba lipite la jirani. Ndiyo sababu eneo dogo hivi lina majumba mengi ya kifahari.

Uzuri wa Aldobrandini hauonekani kutoka barabarani, uko nyuma. Kilima kimekatwa, ukajengwa ukuta wa nusu duara wenye vyumba vya sanamu, na katikati amesimama Atlasi, jitu la hadithi za Wagiriki, akiwa amebeba dunia mabegani. Maji yalivutwa kwa mfereji kutoka chemchemi za milimani, yakashuka ngazi kwa ngazi msituni hadi kumwagikia dunia hiyo. Wenyewe huuita teatro delle acque, jukwaa la maji, na kweli wahusika wakuu pale ni maji.

Jumba bado ni mali ya familia hiyo, kwa hiyo haliingiliwi kiholela. Bustani hutembelewa kwa mpango, na kabla ya kupanda ni vyema kuulizia ofisi ya utalii ya mji. Ukikuta geti limefungwa, usinune. Vuka hadi bustani ya Villa Torlonia, ambayo leo ni bustani ya umma, huingii kwa tiketi, na ina jukwaa lake la maji, kazi ya Maderno huyo huyo. Wenyeji huko hukimbia, hutembeza mbwa na kusukuma vigari vya watoto pembeni mwa kazi ya mkono ya zaidi ya miaka 400. Mabanda ya farasi ya Aldobrandini nayo yalikarabatiwa na msanifu Massimiliano Fuksas, sasa yana Museo Tuscolano, makumbusho madogo yanayotosha kwa saa moja.

Kuna makanisa mengi. Niingie lipi?

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, kwenye uwanja wa San Pietro katikati ya mji. Karibu na mlango, ndani, kuna kumbukumbu ya Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyeongoza uasi wa Scotland mwaka 1745 akitaka kurudisha kiti cha ufalme cha babu yake, akashindwa katika mapigano ya Culloden mwaka uliofuata, na kufia Roma mwaka 1788. Mdogo wake, Kadinali Henry, ndiye aliyekuwa askofu wa Frascati, akamzika hapa. Baadaye mwili ulihamishiwa Vatikani, lakini moyo ulibaki. Wageni kutoka Scotland hupanda hadi huku kwa ajili ya moyo huo tu.

Ukiwa na dakika kumi za ziada, ingia Chiesa del Gesù. Simama katikati, tazama juu uone kuba. Kisha tembea hatua chache pembeni. Kuba lile ni mchoro mtupu juu ya dari bapa, na ukisogea linapinda.

Mabega na magoti yafunikwe makanisani. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza tatizo hilo.

Mbona mji wa kale hivi una majengo mengi ya juzi?

Kwa sababu ya tarehe 8 Septemba 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia. Makao makuu ya jemadari wa Kijerumani, Kesselring, yalikuwa hapa, na adhuhuri ya siku hiyo ndege za Marekani ziliushambulia mji kwa mabomu. Raia waliokufa wanahesabiwa kwa mamia. Jumba la Villa Torlonia lilibomoka, ndiyo maana leo tuna bustani bila jumba, na kanisa kuu liliharibika vibaya. Jioni ya siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba Italia imesitisha vita na Marekani na washirika wake, wale wale walioupiga mji mabomu. Nawaomba wageni wangu walijue hili kabla hawajakaa kula, kwa sababu familia nyingi zinazowauzia mkate zilikuwa hapa siku ile.

Fraschetta ni nini, na inatofautianaje na mgahawa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Frasca ni tawi lenye majani. Zamani mwenye shamba la mizabibu akishapata divai mpya alitundika tawi juu ya mlango, na wapita njia wakajua kuna kinywaji. Nyumba hizo zikaitwa fraschette. Mwenye nyumba aliuza divai tu. Chakula ulikuja nacho mwenyewe, kimefungwa kwenye kitambaa, na walaji wa namna hiyo wakaitwa fagottari, watu wa vifurushi. Kwetu si jambo geni: ni kama unavyokaa baa, kinywaji unaagiza kwa mhudumu, nyama unaifuata kwa mchoma nyama pale nje.

Siku hizi fraschette nyingi zinapika na zina menyu, na nyingine ni mgahawa wa kawaida uliojipa jina la zamani. Lakini desturi haijafa. Hivi ndivyo mimi hufanya: kabla ya saa saba mchana napita Piazza del Mercato, nanunua nyama au jibini, mizeituni, mkate kutoka tanuri la jirani. Naingia kwenye cantina, nyumba ya kuuzia divai, iliyoandika au inayokubali kwamba unaweza kuleta chako. Nauliza kwanza, kila mara: "Si può portare da mangiare?" Wakisema ndiyo, nakaa kwenye benchi, naagiza nusu lita, wanaleta jagi, glasi nene na karatasi ya kutandika mezani. Natandaza vifurushi. Mkate wenyewe ni mkubwa, ganda limeungua kidogo chini, unakatwa kwa kisu cha msumeno huku umeukumbatia kifuani, na unga unabaki kwenye shati. Hakuna anayekuharakisha.

Asiyeuliza akafungua chakula chake kwenye mgahawa wenye menyu, hiyo ni aibu huku kama ilivyo kwetu.

Porchetta ni nini?

Ni nguruwe mzima aliyetolewa mifupa, akasuguliwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na rosemari, akaviringishwa, akafungwa kamba na kuokwa kwa saa nyingi mpaka ngozi inakuwa kama kioo cha kahawia. Bingwa wa kazi hii ni mji jirani wa Ariccia, ambao porchetta yake ina ulinzi wa jina wa Umoja wa Ulaya tangu 2011, lakini Frascati hawalali njaa. Inauzwa kwa etto, yaani gramu 100. Sema "due etti, con la crosta", gramu 200 na ngozi yake. Bila ile ngozi umenunua nusu ya starehe.

Mimi ni Mwislamu. Sili nguruwe, sinywi. Nitafanya nini huko?

Utakula vizuri, mradi ujue pa kukwepa. Nusu ya wageni wangu kutoka Mombasa na Zanzibar wako kama wewe, kwa hiyo hili nimelifanyia kazi.

Tambi tatu maarufu za Lazio, mkoa wa Roma, yaani carbonara, amatriciana na gricia, zote zina guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Zikwepe. Ya nne, cacio e pepe, ni jibini la kondoo na pilipili manga tu. Kama unajali kimeng'enya kinachogandisha maziwa, fahamu kwamba pecorino romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha mwanakondoo. Maharage yenye neno cotiche yana ngozi ya nguruwe. Supplì, donge la wali lililokaangwa na jibini ndani, mara nyingi lina mchuzi wa nyama, basi uliza. Mboga ya cicoria iliyokaangwa kwa kitunguu saumu na pilipili kali itakukumbusha mchicha, ila ina uchungu mtamu. Artichoki zinapofika msimu, mwisho wa baridi, agiza bila kufikiri, lakini uliza kama zimepikwa kwa divai. Pizza bianca, mkate bapa wenye mafuta ya zeituni na chumvi, ukiujaza jibini na nyanya ni mlo kamili. Nyama ya kondoo ipo, abbacchio, ila usitegemee kwamba imechinjwa kihalali.

Sentensi ya kushika ni hii: "Senza maiale e senza vino, per favore." Bila nguruwe na bila divai. Isemwe hata kwa biskuti, kwa sababu zile ngumu za mviringo, ciambelline, hukandwa kwa divai. Kukaa fraschetta kwenyewe ni uamuzi wako, maana meza nyingine zitakuwa na majagi. Shangazi yangu hakutaka, na alikuwa na haki. Tulichukua pizza bianca, jibini na zabibu, tukala kwenye benchi pale Villa Torlonia chini ya miti, na siku hiyo haikupungukiwa na kitu.

Na kwa anayekunywa, divai ya Frascati ikoje?

Nyeupe, ya zabibu za malvasia na trebbiano, kutoka udongo wa volkano. Ilipata hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa, mwaka 1966, na mwaka 2011 aina ya Superiore na ile tamu, Cannellino, zikapandishwa hadi DOCG, daraja la juu kabisa. Ya jagi ni nyepesi na inashuka kama maji. Ndiyo hatari yake chini ya jua. Agiza na maji.

Ile biskuti ya mwanamke mwenye matiti matatu ni mzaha?

Hapana, ni pupazza frascatana, na wanaipenda kwa dhati. Ni mwanasesere wa unga na asali mwenye matiti matatu: mawili ya maziwa na la tatu la divai. Ni ngumu, haivunjiki ovyo, kwa hiyo inafika nyumbani salama. Kama zawadi mimi huifunga kwenye nguo katikati ya sanduku.

Wanakula saa ngapi, na bili ikoje?

Mchana ni kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa kasoro. Usiku hakuna jiko kabla ya saa moja na nusu. Kati ya hapo maduka mengi nayo hufungwa. Kahawa ya kusimama kaunta ni rahisi kuliko ya kukaa mezani. Kwenye bili utaona mstari wa mkate, pane, kiasi kidogo kwa kila mtu. Si wizi, ni utaratibu. Bakshishi si lazima.

Niende lini?

Aprili hadi Juni, au Oktoba. Oktoba mavuno yamekwisha na vilima vinanukia zabibu. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo mji jirani wa Marino una sikukuu ya zabibu ambapo chemchemi ya mjini hutoa divai. Juni ni ya stroberi ndogo za Nemi. Katikati ya Agosti kuna sikukuu ya Ferragosto na sehemu nyingi zinafungwa. Siku ya juma? Kwa utulivu, Alhamisi. Kwa meza zilizojaa familia kuanzia bibi hadi kitukuu, Jumapili, lakini weka nafasi.

Kuna cha kuona nje kidogo ya mji?

Juu yake kuna magofu ya Tusculum, mji wa kale ambao Waroma waliubomoa mwaka 1191. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, alikuwa na nyumba huko. Mawe ya jukwaa la maonyesho bado yapo, na upepo ni mtamu.

Upande wa pili, Monte Porzio Catone, kuna Villa Mondragone. Huko ndiko Papa Gregory XIII alikotoa tamko la Februari 1582 la kurekebisha kalenda, na Oktoba ya mwaka huo ikaruka kutoka tarehe 4 hadi tarehe 15. Kalenda inayoning'inia ukutani kwako jikoni ni hiyo hiyo.

Kilomita chache kusini ni Grottaferrata, penye abasia iliyoanzishwa mwaka 1004 ambako hadi leo ibada ni ya Kigiriki. Ingawa iko chini ya Papa, ukiingia utadhani umevuka bahari.

Na kwa wasomaji wa Malindi: kituo cha Shirika la Anga la Ulaya kinachoshughulikia picha za dunia kutoka angani kiko hapa Frascati, na shirika hilo hilo limetumia kituo cha Waitalia kilichoko Ngomeni kufuatilia vyombo vyake. Watu wa Malindi wana jamaa wa kikazi mlimani huku.

Kiingereza kinatosha?

Kwa tiketi na menyu, ndiyo, kwa shida kidogo. Lakini kuingia dukani bila "buongiorno" ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Ukitoa salamu uso unafunguka na kipande cha jibini cha kuonja kinakuja.

Nirudi saa ngapi?

Kaa mpaka jua lizame, kama treni zinaruhusu, maana linazama upande wa Roma na taa za mji zinawaka moja moja mbele yako. Angalia saa ya treni ya mwisho asubuhi ile ile, kwani Jumapili ratiba hubadilika, na taksi hadi Roma ni ghali. Tiketi ya kurudi inunue Termini pamoja na ya kwenda. Jioni kituoni huenda usikute mtu dirishani. Na usisahau kuigonga.